Mchimba Mitaro wa Mikelenge

Yule mzee mchimba mitaro wa Mikelenge hashiki jembe kabla hajamwaga maji. Huzunguka nyumba peku, kikombe cha bati mkononi, anamwaga kidogo hapa, kidogo pale, kisha anachuchumaa kutazama yanaelekea wapi, maana udongo wa mfinyanzi haunywi maji, unayasukuma tu hadi ukutani. Na kila parsele, yaani kiwanja cha nyumba, anayoitiwa huuliza lile lile, kwa sauti ya chini: “Mama, wakati ya vita, mulizika mutu mu hii parsele?”

Victorine, mwenye nyumba aliyechoshwa na mvua inayoingia chumbani mwake, alijibu upesi kwamba hapana. Mzee akaendelea kumwaga. Nyuma ya jiko maji hayakukimbia; yalizama palepale, kama yanavyozama penye udongo uliowahi kuchimbwa. Akamwaga tena, yakazama tena. Victorine akainama. Siku zile za vita njia ya makaburini ilikuwa na risasi.

Mzee hakuuliza ni nani. “Kichwa iko upande gani?”

“Huku, kwa mupapai.”

Akaanzia kwenye mpapai kupima kwa miguu, ili mtaro upite mbali: hatua mbili, urefu wa mtu mzima.

“Papa,” Victorine akasema, “hatua moja inatosha.”