Kipande cha Mwisho Kiko kwa Mama wa Mandazi

Watu huniuliza, wewe mzee uliyeishia darasa la tatu, unatuambiaje sisi tusome nini? Nawajibu kwamba wako waliofika chuo kikuu na hawajawahi kumaliza riwaya moja ya upelelezi, kwa hivyo tusitishane na madarasa. Mimi nimesoma za mauaji, za wizi, za watu waliopotea wakarudi na majina mengine. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari, na nikifika mahali pa hatari sauti inanitoka bila mimi kujua. Jirani yangu hapa Makongeni, Thika, alishawahi kugonga ukuta akiuliza ni nani huyo anachinjwa.

Ukitaka kumpendekezea mtu kitabu, usimuulize anapenda nini. Watu hudanganya hapo, wanataja vitabu vya heshima. Muulize anaogopa nini. Na usiwahi kumwambia "mwisho utakushangaza." Ukishasema hivyo umeshamwambia nusu, sasa atasoma akimtilia shaka hata padri. Haya nimeyajifunza kwa dada yangu, na ni yeye ninayetaka kuwasimulia.

Ananizidi miaka sita. Ndiye aliyenifundisha kusoma, na hakunifundisha kwa upole. Tulikuwa wote kwenye kiwanda cha blanketi hapa Thika, yeye kwa mashine za kusokota, mimi nikibeba marobota. Vitabu vilikuwa vichache, wasomaji wengi. Basi kikipatikana kimoja cha upelelezi, dada anachukua wembe, anakikata mgongoni vipande vitano, na kila kipande anakishona kwa uzi wa blanketi. Ukimaliza cha kwanza unampa mwenzako, unachukua cha pili, na hivyo watu watano wanasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Lakini kile cha tano, chenye muuaji, hakikuzunguka ovyo. Kilikaa ndani ya kitambaa cha kichwa cha dada. Unaenda kwake, anakuuliza maswali mawili matatu ya vipande ulivyosoma, na ukibabaika anakwambia rudi usome. Msimamizi wa zamu, jitu zima lenye funguo kiunoni, alirudishwa mara mbili.

Mimi nilikuwa wa kusikiliza tu wengine wakisimulia. Siku moja nikamwomba anitajie muuaji.

"Muuaji amekaa ukurasa wa mwisho," akasema. "Nenda umsalimie mwenyewe."

Ilinichukua miezi minne kufika kwake. Nikamkuta. Wiki hiyo hiyo nikagundua kwamba naweza kusoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi.

Sasa, mwaka jana dada aliteleza bafuni kwa binti yake kule Ruiru, akavunjika nyonga. Akatiwa chuma. Hospitalini alitembea vizuri na mkongojo wake, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia akifika nyumbani awe anashuka na kupanda ngazi, kidogo kidogo, ameshika chuma cha pembeni na mtu akiwa mbele yake. Nyumba yenyewe ni ghorofa ya nne na haina lifti. Dada akapandishwa, akaketi kwenye kiti kinachoangalia dirisha, na hapo akabaki. Binti anatoka alfajiri kwenda kazini Nairobi kwa treni, anarudi jioni anamkuta pale pale, chai ya saa nne imepoa kikombeni.

Binti akanipigia simu. Daktari amesema mfupa umeshika, kilichobaki ni miguu. Akiendelea kukaa, miguu itasahau kazi yake na kiti kitakuwa kitanda, na kutoka hapo haamki tena.

"Anko, mimi nimeongea mpaka nimechoka. Wewe anakuheshimu."

"Haniheshimu," nikasema, "lakini nakuja."

Nilianza vibaya, wacha niseme ukweli. Nilimpelekea riwaya ya bibi mzee asiyeweza kutoka kitandani ambaye anakamata wezi kwa kusikiliza kupitia ukuta. Nilidhani itamtia moyo. Alisoma kurasa mbili akanirudishia. "Nikitaka kumwona mwanamke amelala, nina kioo." Nikampelekea nyingine, nene, ya majasusi, watu wanaruka na ndege kila sura. Kwenye uwanja wa ndege wa tatu alilala. Mgonjwa usimpe kitabu kizito, hata mikono inachoka. Mpe chembamba, na maiti apatikane kabla ya ukurasa wa kumi.

"Mimi nimefika," akaniambia siku hiyo, bila huzuni, kama mtu anayeshuka kwenye kituo chake. "Usijisumbue."

Ni hilo neno lililonikasirisha. Mtu aliyenizuia miezi minne kumjua muuaji hawezi kuniambia amefika akiwa amekaa. Nikaapa atashuka zile ngazi, na sitambembeleza hata mara moja.

Pale Ruiru karibu na stesheni kuna mtu anayeuza vitabu vya mitumba chini ya mwavuli. Kwake nilipata kimoja cha Kiswahili, jalada lilishang'oka, kwa hivyo jina lake sijui mpaka leo. Kinahusu meneja wa kiwanda cha chai aliyekutwa amekufa ndani ya stoo iliyofungwa kwa ndani. Yuko dereva wake, yuko mke, yuko nesi, na yuko ndugu aliyekuja na kikapu cha maparachichi. Nilikisoma chote kwanza, maana kupendekeza kitabu ambacho hujamaliza ni kama kumposea mtu mchumba ambaye hujamwona. Nilienda kukisomea karibu na maporomoko ya Chania, upande ambao wageni hawaji kupigwa picha. Maji yale yana kelele, ukisoma kwa sauti hakuna wa kukugongea ukuta. Halafu nikarudi nyumbani nikachukua wembe. Kukata kitabu kizima si jambo dogo kwa mtu aliyepata kusoma kwa shida. Nikakata vipande vitano, nikashona.

Nikampelekea cha kwanza, nikakiweka mapajani mwake, nikakaa kunywa chai. Akashika ule uzi kwa vidole viwili.

"Umekata."

"Nimekata."

"Vingine viko wapi?"

"Cha pili kiko kwa mama wa ghorofa ya tatu. Cha tatu kiko ya pili. Cha nne kiko ya kwanza. Cha tano kiko kwa mama wa mandazi, pale langoni. Wameambiwa wakupe mkononi, wewe mwenyewe. Hata binti yako hapewi."

"Wewe ni mjinga."

"Nilifundishwa na wewe."

"Nina chuma kwenye nyonga."

"Msimamizi alikuwa na funguo, na ulimrudisha mara mbili."

Akageuka akaangalia dirisha. "Enda kwako Thika."

Nikaenda. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu simu ikalia, hakuna hata salamu.

"Huyu dereva alibadilisha viatu kwa nini?"

"Kiulize kipande cha pili."

Akanikatia. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

Ngazi za kufika ghorofa ya tatu ni kumi na saba. Mimi nilikuwa mbele, ngazi moja chini yake, nikishuka kinyumenyume, na yeye ameshika chuma, anatukana kila ngazi kivyake. Niliogopa, sitaficha. Nilijiambia kwamba akianguka, muuaji wa hadithi hii anajulikana. Mama wa ghorofa ya tatu akatoa kigoda na kipande, na dada akasoma hapo hapo mlangoni, mguu umenyooshwa, watu wakipita wanamruka. Kurudi juu kulikuwa kubaya zaidi. Alilia kidogo kwenye kona, na mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Lakini alipofika kwenye kiti hakuangalia dirisha. Aliniuliza kama yule nesi ni mwongo au ni mwoga.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Ghorofa ya pili, mapumziko siku mbili, halafu tena. Magoti yangu mwenyewe yalivimba, nikawa napaka dawa na sisemi. Siku ya kipande cha tano alivaa kitambaa kipya kichwani, kile cha kwenda kanisani, na tukashuka mpaka chini. Mama wa mandazi, ambaye kwa Kikikuyu humwita dada cucu, yaani bibi, na mimi guka, yaani babu, alipotuona akaweka mkono mdomoni.

"Woi, cucu. Guka, pole sana. Jana nilienda matanga Murang'a, nikalala huko, nikamwachia wifi yangu biashara. Alifikiria ni karatasi tu."

Wifi alikuwa hapo, ameinamisha kichwa kwenye karai. Siku hizi hakuna mifuko ya plastiki, na mafungu ya karatasi kuukuu yasiyo na jalada, yakikaa karibu na mandazi, yana kazi moja tu, kuyafungia. Kosa ni langu. Nilipaswa kukiacha kwa fundi wa viatu.

Nikaona mabega ya dada yakishuka. Nikajua tukipanda sasa mikono mitupu, hatashuka tena. Nikasema haraka, "Wacha nikutajie tu ni nani, tumalize."

"Ukimtaja, wewe si ndugu yangu," akasema, tena polepole. Kisha akamgeukia wifi. "Wewe. Yale mandazi uliuzia nani?"

"Watu wa boda, cucu. Hapo kona. Walinunua mengi leo asubuhi."

Ile kona iko ng'ambo ya lango, mbali kama kutoka mashine za kusokota hadi kantini. Njia ya vumbi, mawe. Yule wa mazoezi hakuwa amesema lolote juu ya barabara.

"Nipe mkongojo," akasema dada.

Akaenda. Mimi nyuma, mama wa mandazi nyuma yangu, wifi nyuma yake na mkono una unga. Watu wa boda wakamwona, mmoja akapiga stata ya pikipiki.

"Cucu, tukupeleke wapi?"

"Sitaki kupelekwa. Nani amekula mandazi?"

Wakacheka. "Kwani tumeshtakiwa?"

"Bado. Toeni karatasi."

Zikatoka. Moja mfukoni, tatu chini ya kiti cha pikipiki, nyingine mtu alikuwa amepangusia kioo. Dada akazipanga kwa namba juu ya kiti cha pikipiki, zimelowa mafuta mpaka unaona maneno ya pande zote mbili. Mmoja wao, mtu mzima, baba wa watoto, akakuna kichwa.

"Lakini cucu, huyu mtu wa maparachichi, nimesoma yangu nikaona—"

"Nyamaza," wakamwambia wote, hata wifi.

Karatasi mbili za mwisho hazikupatikana. Aliyezinunua alikula akaenda zake na treni. Dada akasoma zilizobaki amesimama, ameegemea pikipiki, na hakuna aliyeomba pikipiki yake. Akamaliza, akanong'ona jina sikioni mwangu.

Nami nikamfanyia alivyonifanyia. "Kwa nini unasema ni huyo?"

Akanieleza viatu, akanieleza ule mlango, akanieleza kikapu kilipokuwa. Sikusema ndiyo wala hapana.

"Umekunja uso," akasema. "Ni yeye." Na nyinyi mnaosoma hapa msitarajie niwatajie.

Tulichukua karibu saa nzima kupanda. Sikujua kama huo ndio mwisho wake wa kushuka. Kitabu kilikuwa kimeisha, na mimi sikuwa nimetafuta kingine, huo ndio upungufu wangu.

Asubuhi ya siku ya tatu mama wa mandazi akanipigia. "Guka, cucu ako hapa kwangu."

"Nani amemleta?"

"Mama wa ghorofa ya tatu alimtangulia kwa ngazi. Lakini hakuna aliyemwita."

Nilipofika Ruiru nikamkuta kwenye kibao cha mama wa mandazi, mguu umenyooshwa. Yule wa boda wa maparachichi alikuwa amechuchumaa mbele yake, helmeti mkononi. Alikuwa amesoma mwishoni, sasa anataka mwanzo. Dada alikuwa amemteremshia kipande cha kwanza jana yake jioni, binti akiwa mbele yake, na leo mtu amekuja kuchukua cha pili. Niliona ncha ya karatasi ikichungulia kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Dereva alivaa viatu gani alipotoka nyumbani?" dada akamuuliza.

Yule mtu akaangalia juu, akaangalia pikipiki yake.

"Vya… vya ngozi?"

"Rudi usome," akasema dada. "Kesho saa tatu nitakuwa hapa."