Baba yangu aliweka nadhiri juu ya tuzo ya filamu, na utabiri wetu wa Ujiji ukatumaliza

Mwakeye wakuu.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naandika kwa sababu nina jambo kifuani na nyumbani kila mtu amechoka kunisikiliza. Ninayosema yametokea, na wa Ujiji humu mtamjua mzee mara moja. Naomba tu msimtaje kwa jina lake la ukoo.

Na wale wa "fupisha dada", piteni kushoto. Siwezi kufupisha.

Baba yangu, Mzee Sadiki, ana banda la video Ujiji. Sisi ni Wamanyema, babu alivuka ziwa kutoka Kongo, na kuongea kwetu ni urithi. Baba amekula kwa mdomo maisha yake yote.

Kazi yake ni kutafsiri filamu. Anakaa pembeni ya runinga na maiki, Hamza anayeendesha mitambo anapunguza sauti ya wazungu, halafu Baba anasema yeye. Anasema jambazi, anasema polisi, anasema bibi harusi, anasema hadi mbwa.

Sasa wajuaji wa Dar, sikilizeni. Baba hajui Kiingereza.

Anajua yes, no na my friend. Anaitazama filamu mara moja peke yake, anasoma sura za watu, halafu anaitunga upya. Jambazi anatokea Mwanga, wanafukuzana mpaka Kibirizi, mwenye gari bovu anaambiwa alilinunua Kasulu. Watu wanakufa kwa kucheka. Ukiwaletea ile ya asili wanakwambia hii mbovu, haina maneno.

Kila mwaka zile tuzo kubwa za filamu za huko ng'ambo zikikaribia, banda linatabiri. Hamza anaangalia kwenye simu filamu zilizoteuliwa, anazitafuta, Baba anazitafsiri. Kisha yanapangwa makopo, kila kopo na jina la filamu, na kila mtu anadondosha kokwa moja ya mchikichi, mise kama tunavyoita. Kopo likijaa zaidi, huyo ndiye mshindi wetu.

Na tulikuwa tunapatia, wallahi. Mara nyingi tu. Mpaka watu wakaanza kusema mise za Mzee Sadiki hazidanganyi.

Hapo ndipo tulipopotelea.

Mwaka jana sauti ya Baba ilianza kukwaruza. Tukasema mafua. Tukasema vumbi. Mama Ashura, muuza dagaa ambaye kiti cha mbele ni chake tangu mimi niko shule, akamletea tangawizi na asali mpaka mzee akaanza kumkimbia.

Mimi nafundisha shule ya msingi Mwamgongo. Narudi Ujiji kwa boti wikiendi nikipata nafasi. Kila nikirudi naikuta sauti imeshuka. Mwishowe nikamburuta hospitali.

Kansa ya koo.

Daktari alizungumza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema imewahiwa. Alisema wakikitoa kisanduku cha sauti mapema mzee ana nafasi nzuri ya kuishi, atapumua kwa tundu hapa shingoni, atakula, atacheza na wajukuu. Ila hataongea tena.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaniambia twende nyumbani.

"Mkinitoa sauti mnaniacha na nini?" aliniuliza njiani. "Nikae barazani niwapungie watu mkono?"

Nikalia, nikagomba, nikaita shangazi zangu wakaja kugomba. Hakuna. Alisema yeye amezaliwa anaongea na atakufa anaongea.

Wakuu, kuna ukaidi na kuna ukaidi wa Kimanyema. Tuendelee.

Msimu wa tuzo ukafika. Katika zilizoteuliwa kulikuwa na filamu moja ya nchi ya theluji. Babu mmoja mgonjwa mwenye ndevu nyingi anakaa dirishani jikoni, binti yake anamhudumia, na kuna daktari kijana anakuja na mkoba wake. Ndiyo filamu nzima hiyo, hakuna hata bastola moja.

Baba aliipenda kupita kiasi. Zile ndevu zilikuwa zimefunika mdomo, haujulikani unasema au hausemi, kwa hiyo alimpa yule babu maneno bila kipimo. Akamwita Babu Ndevu. Binti kila akichukua koti, Babu Ndevu anamwambia, "Usiharakishe mwanangu, kaa kidogo. Boti ya Mwamgongo haiondoki bila mwalimu."

Banda zima liligeuka kuniangalia likacheka. Mimi nilijifunika ushungi nikalia. Nilijua ananiaga.

Yule daktari naye alimfanya kituko. Alimwita Daktari Mapepe, daktari wa njaa, kila nyumba anauliza wamepika nini. Kuna sehemu daktari anapiga magoti mbele ya babu, machozi yanamtoka, anaongea muda mrefu. Baba akamtafsiri kwamba anaomba aongezewe ugali na migebuka. Mama Ashura alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti.

Hamza akasoma kwenye simu: filamu hii imeteuliwa kwa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Jina la kizungu, refu, sisi tunamjua nani kule? Kwetu wote aliyestahili alikuwa mmoja. Kopo la Babu Ndevu likajaa mise zikamwagika chini.

Ndipo Baba akasimama mbele ya watu, na ile sauti yake iliyobaki kama ya kuku aliyebanwa mlango, akasema:

"Naweka nadhiri. Babu Ndevu akipata tuzo, nakwenda kukatwa koo bila ubishi. Akikosa, mtu asiniguse."

Watu wakapiga vigelegele! Hata mimi nilipiga, maana mise hazidanganyi, na kwa mara ya kwanza mzee alikuwa ametaja kukubali. Nilirudi Mwamgongo na furaha. Nilikuwa nafundisha huku natabasamu peke yangu kama chizi.

Niliomba ruhusa shuleni nikarudi Ujiji kusubiri matokeo. Kwa saa zetu tuzo zinamalizika alfajiri. Watu wametoka msikitini, tumekaa barazani na chai, tukamsikia Hamza anakuja mbio anapiga kelele toka kona ya mbali.

"Imepata! Filamu yetu imepata! Mwigizaji wa kiume!"

Mama weee. Mama Ashura aliacha ndoo ya dagaa njiani. Shangazi alipiga sijida palepale kwenye vumbi. Na Baba, wakuu, Baba aliingia ndani akatoka na begi. Alikuwa amelipanga zamani bila kutuambia. Kanzu, taulo, mswaki, redio yake ndogo.

Akaniambia, "Mwalimu, twende. Nadhiri ni deni."

Ningejua ningemvuta mkono tukaondoka dakika ileile.

Lakini watu wakasema tumwone kwanza Babu Ndevu anavyopokea tuzo yake, mzee amtafsiri kwa mara ya mwisho. Wazo zuri kabisa. Tukajaa bandani, Hamza akapata ile video, akaiunganisha kwenye runinga. Baba akashika maiki.

Wakataja jina. Ukumbi wa wazungu ukasimama. Akainuka kijana mmoja ndevu hana hata moja, suti nyeusi, anafuta machozi.

Daktari Mapepe.

Watu kwanza walicheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mpeni ugali huyo!" Halafu kicheko kikakatika, kila mtu akamwangalia Baba.

Baba alikuwa bado ameshika maiki. Hakutafsiri. Yule kijana aliongea jukwaani mpaka akamaliza. Kisha Baba akaiweka maiki chini taratibu, akachukua begi lake, akarudi nalo ndani.

Mama Ashura alimfuata mpaka mlangoni. "Sadiki, filamu si ndiyo hiyohiyo? Nadhiri imetimia bwana, usitufanyie hivyo!"

"Nilimtaja Babu Ndevu," Baba akasema. "Mungu alisikia nimemtaja nani."

Tukamleta sheikh. Sheikh akamweleza kwa upole kwamba nadhiri ya kujidhuru haifai, na kujitibu ni jambo jema, hana dhambi yoyote akienda. Baba akamjibu, "Sheikh, nilimuuliza Mungu mbele za watu, amenijibu mbele za watu. Unataka nimwambie hakunielewa?"

Sheikh alinyanyuka akaenda zake.

Nikajifungia na simu, nikaitafuta ile filamu kama ilivyo, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Nilitaka tu kujua huyo Mapepe kapewa tuzo kwa lipi.

Babu Ndevu hasemi neno, wakuu. Toka mwanzo mpaka mwisho. Amepooza, ulimi umekufa. Anakaa dirishani anaangalia theluji, binti anaosha vyombo, birika linachemka. Yale maneno yote yalikuwa ya Baba.

Na ile sehemu ya magoti, ile tuliyocheka mpaka watu wakaanguka kwenye viti. Daktari haombi ugali. Anamsihi yule mzee akubali kwenda hospitali. Anamwambia bado kuna muda. Anamwambia usimwachie binti yako kuangalia hili. Ndiyo iliyompa tuzo.

Nililia sana.

Nikamwendea Baba na simu nikamtafsiria mimi, sentensi kwa sentensi. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria yeye. Alisikiliza kichwa chini. Nilipomaliza akasema kwa kunong'ona, "Ningeliyajua hayo nisingelimfanya kichekesho." Nikadhani amelegea. Nikamwambia basi Baba, twende.

Akatikisa kichwa.

Amekuja kukubali miezi mingi baadaye, siku aliposhindwa kumeza uji. Tukamkimbiza. Daktari yuleyule. Alipiga picha, akaniita pembeni akaniambia imeshasambaa, kukata hakusaidii tena. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sauti yenyewe ilikwisha palepale nyumbani, bila kisu. Kwa hiyo mzee amepoteza vyote viwili, sauti na ule uhai alioukataa kwa ajili ya sauti. Sijui nimlilie au nimkasirikie. Kuna siku namchukia kabisa, Mungu anisamehe, halafu namwosha miguu.

Banda limefungwa. Hamza anauza vocha. Makopo yapo uani, kuku wanayapindua.

Funzo? Mimi ni mwalimu, nilipaswa kuwa na funzo zuri. Nina hili tu: mgonjwa wako akishasema neno "nakubali", mnyanyue muondoke. Msikae kusubiri kushangilia. Na msimpe Mungu mtihani wenye majibu mawili, maana mtalichukua lile la kuwaumiza.

Sasa nina ombi, ndiyo hasa sababu ya uzi huu. Watu walikuwa wanarekodi filamu za Baba kwenye flash, zinafika Kasulu, Uvinza, mpaka ng'ambo kule Kongo. Hamza kanunua simu nyingine, rekodi yake imepotea na ile ya zamani. Mwenye ile ya Babu Ndevu aliyoisema Mzee Sadiki, aniandikie hapa chini au anifuate pembeni. Hata kama ni kipande. Hata kama watu wanacheka juu yake.

Jumatatu nilichukua mkoba kuwahi boti. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Nikasimama mlangoni nikamngoja aniambie nisiharakishe. Midomo ilicheza, akainua mkono akanipungia. Nikauweka mkoba chini nikakaa, na boti ya Mwamgongo ikaondoka bila mwalimu.

Haya, karibuni mchangie, hata wa kunitukana. Ila msinitumie ile ya asili, ile ya kimya. Hiyo ninayo hapa ndani, naiangalia kila siku.