Madebe Mikokoni Rasbura

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu inayonirudia kila nikisikia filimbi. Nyinyi mkiisikia mnajua refa kaona rafu. Mimi enzi hizo nilijua jambo jingine, na nusura linizamishe.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa kijana mgeni hapa Rasbura. Mimi na dada yangu Atanasia tulivuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno. Huko askari walizingira kijiji alfajiri, wakapuliza filimbi, na kila mwanamume waliyemkamata akapelekwa kazi ya lazima. Baba alikwenda hivyo, hakurudi. Hapa sikumwambia mtu. Mgeni akiulizwa habari hujibu njema, na mimi nilikuwa hodari wa kujibu njema.

Vijana waliniona nina mbio, wakaniweka winga ya kushoto. Tulicheza pekupeku, refa hatuna, ukiumizwa unapiga kelele mwenyewe. Nilianza kulala usingizi wa kweli, ule nilioupotezea mtoni. Kisha ikaja mechi na timu ya shamba la mkonge, akaletwa refa, karani wa bandarini mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Nikakwatuliwa nikaanguka, na yule bwana akapuliza filimbi.

Miguu haikuniuliza. Nilitoka uwanjani, nikawapita watazamaji, nikaingia mikokoni. Watu walicheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini nani alijua kama niliumwa? Maji yalikuwa yanajaa, na siku hiyo ni bamvua, maji makubwa kuliko ya siku zote.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu hapa mtu akipotea hutafutwa kwa madebe. Watu huyapiga ili aliyepotea asikie, afuate sauti, arudi. Ni wema mtupu. Basi nilipokawia wenzangu wakachukua madebe, na nahodha wetu Selemani akaazima filimbi ya refa, wakanijia. Kila walivyopiga ndivyo nilivyozidi kwenda ndani. Nilisikia jina langu likiitwa, nikaamini wamekuja kunirudisha ng'ambo. Maji yakafika kiunoni, yakapanda kifuani. Kuogelea sijui, sisi ni watu wa mlimani. Niliogopa, mwanangu, lakini nikaona heri maji kuliko Mreno.

Yaliyotokea nchi kavu nilisimuliwa baadaye. Atanasia aliwakimbilia akilia, akawaambia ile filimbi ilimchukua baba yetu. Alikuwapo Mzee Komba, Mngoni mlinzi wa ghala, ambaye ndiye aliyekuwa akitushonea mpira ukipasuka. Akawanyang'anya madebe. Selemani akajitetea kwamba wanamtafuta mwenzao kwa nia njema.

"Nia yako unaijua wewe," mzee akamwambia. "Yeye anasikia vita. Nyamazeni."

Kukawa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Komba, anakuja peke yake taratibu kwenye matope, ananitukana.

"Mmakonde wewe, babu zako walitukimbia sisi Wangoni wakapanda mlima. Sawa, sisi tulikuwa na mikuki. Wewe unakimbia karani? Ukifa humu, mimi mtani wako ndiye nitakayekuja kukuzika, na matope siyapendi."

Utani wa makabila yetu ulitokana na vita vya zamani. Mtani hukutukana, lakini hawezi kukudhuru, na msibani yeye ndiye wa kwanza kufika. Tangu tuvuke mto watu walinihurumia, wengine walinicheka, ila hakuna aliyenitania. Nikamjibu huku maji yananigusa kidevu:

"Mngoni gani wewe, babu zako waliteka ng'ombe, wewe hata ng'ombe mmoja huna."

Akacheka, akanyoosha fimbo, nikaishika.

Mechi ilirudiwa, na refa aliombwa apunge leso badala ya kupuliza. Tulifungwa, lakini nilicheza mpaka mwisho. Mzee Komba alipofariki miaka mingi baadaye, nilisimama kaburini nikasema kama inavyompasa mtani, "Mngoni, umeondoka bila hata ng'ombe mmoja." Watu wakacheka. Mimi nililia kama mtoto.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Akija kwenu kijana aliyekimbia kwao, mpeni namba kwenye timu, msingoje awaeleze kwanza alikotoka. Siku atakaposhtuka kwa kitu ambacho nyinyi mnakiona kidogo, msimkimbize kwa wema wenu. Nyamazeni, mjue anasikia nini, kisha mmoja wenu amwendee kwa sauti ambayo mtu humpa ndugu yake tu.

Mungu akupe miguu ya kukimbilia mpira, asikupe siku ya kukimbia kwenu. Na ikikufika, akujalie mtani wa kukutukana.