Tulivyokula na Baba Mbugani

Juzi nilipita kwa dobi mmoja hapa Kariakoo, anayefanya kazi barazani kwa watu. Alikuwa ananyoosha suruali ya kaki kwa pasi ya mkaa, na ile harufu ya wanga unaoungua kidogo ikanisimamisha na mfuko wangu wa nyanya mkononi. Akaniuliza, "Mama, una nguo?" Nikamwambia sina. Ningemweleza vipi kwamba nimesimama pale kumnusa baba yangu?

Msinicheke. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja ya kutembeza watalii. Mwenyewe hakupenda kuitwa dereva, alijiita mwongozaji, na mama alimsaidia kulilinda jina hilo kwa sare. Kila mara kabla hajasafiri, mama alipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akaichovya ile kaki, akaianika uani, kisha akainyoosha mpaka suruali ingeweza kusimama bila mtu ndani yake. Tulikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, na bomba moja la uani lililogombanisha watu kila asubuhi. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani, uso ukielekea mtaani, na habari zote za mtaa zilipita kwenye sindano yake kabla ya kuendelea mbele.

Ilikuwa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mara nyingine tulipanga kwanza ndipo tukauliza kinauzwa nini. Ndani ya maisha hayo baba alirudi kila safari na hadithi za hoteli moja ya kitalii iliyokuwa mbugani, ng'ambo ya Morogoro. Huko maji ya moto yalitoka ukutani. Taulo zilikuwa nzito kama blanketi. Mezani kila mtu aliwekewa uma tatu, peke yake.

"Na wewe unakula wapi?" Bi Mwanaidi, jirani yetu wa chumba cha mbele, aliwahi kumuuliza baba.

"Hapo hapo na wageni," baba akajibu. "Mwongozaji asipokuwepo mezani, nani atawaeleza habari za wanyama?"

Mtaa mzima ulilijua hilo. Mimi nililipeleka mpaka shuleni.

Mwaka mmoja, masika yakielekea kwisha, akaja mgeni anaitwa Bi Elsa, mwanamke mzee kutoka nchi za kaskazini kabisa. Baba alitueleza kwamba kwao huko ndiyo kwanza theluji ilikuwa inayeyuka na miti inachipua, na watu wakiona majani mapya hawakaliki nyumbani. Alikuwa amejiandikisha aje na dada yake na shemeji yake, lakini yule dada akaanguka na kuvunjika nyonga, mumewe akabaki kumuuguza. Bi Elsa akaja peke yake. Alipoona ameandaliwa gari zima, akamuuliza baba kama ana familia. Basi, akasema, waje. Mkuu wa ofisi hakutaka kumuudhi mgeni, akatuandika mimi na mama katika nafasi zilizobaki.

Baba aliileta habari hiyo jioni, na nakumbuka kwamba hakuonekana kufurahi. Mama alisimamisha cherehani.

"Sisi?"

"Nyie. Siku mbili."

"Tulale hoteli?"

"Mlale hoteli," baba akasema, akaketi kwenye benchi akaanza kufungua kamba za viatu ambazo alikwisha kuzifungua. Nilidhani amechoka.

Mama alishona gauni mbili, yake na yangu, kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, na nakuapieni mtu asingejua. Majirani walituazima vitu vingine. Bi Mwanaidi alitoa hereni zake za rangi ya dhahabu, akamvalisha mama kwa mkono wake. "Ukirudi unieleze uma ya tatu ni ya nini," akasema.

Tuliondoka alfajiri. Bi Elsa alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya ukindu, na shingo yake ilikuwa nyekundu hata kabla jua halijatoka. Nilimwamkia shikamoo kama nilivyoagizwa. Baba alikuwa amemfundisha, kwa hiyo akajibu "Marahaba!" kwa sauti ya muadhini, mpaka watu waliokuwa wakienda sokoni wakageuka.

Njia ilikuwa ya kijani kibichi kila upande. Baada ya Morogoro, Milima ya Uluguru ilibaki nyuma yetu imefunikwa mawingu, na udongo ulinukia mvua. Tulipoingia mbugani baba akabadilika. Nyumbani alikuwa mtu wa kugombezwa kwa kusahau ndoo bombani. Huku alisimamisha gari kwa sababu ya unyasi mmoja uliolala upande usio wake. Alishuka, akachukua kinyesi cha tembo kwa mikono mitupu, akakivunja kama anayevunja mkate, akakinusa. "Wamepita asubuhi hii," akasema. "Wana mtoto, hatua zake hizi hapa." Akamweleza Bi Elsa kwa Kiingereza, kisha akageuka akatueleza sisi kwa Kiswahili, yote, bila kupunguza neno. Nilimwona mama akimtazama. Hakuwa anamtazama tembo wala twiga. Alikuwa anamtazama baba, kwa haya kidogo, kama msichana aliyekaa karibu na mwanamume asiyemjua.

Saa saba tulifika hotelini kwa chakula cha mchana. Baba akatufikisha ukumbini sisi na Bi Elsa, akamkabidhi mhudumu mikoba yetu, akasema, "Nyie kuleni. Mimi naangalia gari."

"Gari limefanya nini?" mama akauliza.

"Tairi," akajibu, akaondoka upesi.

Uma zilikuwepo tatu, hakudanganya. Mama alikamata ya kwanza kama sindano, kwa ncha za vidole, na mhudumu akapita nyuma yake akinong'ona, "Hiyo ya nje kwanza, mama." Tulikula supu, tukaletewa kuku wa kuokwa. Kisha ikaja aiskrimu, ndani ya bakuli la kioo. Barafu niliyoijua mimi ilikuwa ya ukwaju, ya kufyonza kwenye kijiti. Hii ilikuwa ya maziwa, ikateleza ulimini ikaenda zake kabla sijaielewa. Nikaona si haki baba aikose. Nikaomba ruhusa nikamwite.

Chini ya gari hapakuwa na mtu. Tairi zote nne zilikuwa nzima. Nikafuata sauti za watu na harufu ya dagaa mpaka nyuma ya jiko, na hapo nikawakuta madereva wanne wamekalia kreti tupu za soda, wamezunguka sufuria ya ugali. Mmoja wao alikuwa baba. Alikuwa amevua shati la sare na kulitundika kwenye msumari lisichafuke, amebaki na singlendi. Tonge lilikuwa mkononi.

"Binti yako?" mwenzake mmoja akauliza. "Karibu, mama."

Baba aliinuka akanipeleka pembeni. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali.

"Zuhura, mama yako asijue."

"Kwa nini huli ndani?"

"Madereva tunakula huku. Ndiyo utaratibu wao. Nenda kamalize aiskrimu yako."

Shuleni tulikuwa tunafundishwa kila wiki kwamba siku za bwana na mtwana zimekwisha, na mimi nilikuwa hodari wa somo hilo. Lakini wala sikuikasirikia hoteli. Nilimkasirikia yeye. Darasa zima lilikuwa limesikia kutoka kwangu kwamba baba yangu anakula na wageni. Nilirudi mezani machozi yamenijaa, na mama aliponiuliza, "Vipi, tairi limepona?" nikasema kwa sauti ya kusikika meza tatu:

"Hakuna tairi. Baba yuko nyuma ya jiko anakula ugali na dagaa kwenye kreti. Huwa anakula huko siku zote."

Nilitaka akasirike pamoja nami. Mama alikunja kitambaa chake cheupe cha kufutia mikono mara mbili, pembe kwa pembe, akakiweka. Kisha akachukua sahani yake ya kuku, akasimama. Bi Elsa akamuuliza jambo kwa Kiingereza. Mama akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu: "Samahani, mama. Naenda kula na mume wangu." Akanigeukia. "Inuka."

"Aiskrimu yangu..."

"Inuka, Zuhura."

Mhudumu akatuwahi mlangoni. "Mama, sahani za ukumbini hazitoki nje."

"Itarudi," mama akasema. "Nitaiosha mwenyewe."

Alipopiga hodi kule nyuma, madereva wote walisimama. Baba alitazama chini, na mimi nikangoja ugomvi. Mama akavuta kreti, akakusanya gauni lake jipya, akakaa. Kuku akamweka katikati ya watu.

"Huko ndani chakula chao hakina chumvi," akasema. "Mmebakiza dagaa?"

Kisha dereva mmoja mtu mzima akacheka, akamsogezea sufuria. Baba alikuwa bado amesimama.

"Mama Zuhura," akaanza.

"Kaa ule, ugali unapoa."

Akakaa. Mimi nililia kwa ajili ya aiskrimu na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Tulipokuwa tunakula, Bi Elsa alitokea kwenye mlango wa jiko, kitambaa chake bado mkononi. Alitutazama, akarudi ndani. "Basi," baba akasema polepole, "kazi yangu imekwisha." Mchana wote aliendesha akiongea kidogo, na mama akiwa kiti cha nyuma aliuweka mkono begani kwake, jambo ambalo nyumbani hawakulifanya mbele yangu. Jioni tulikula tena nyuma ya jiko.

Asubuhi baba alimkuta Bi Elsa ngazini, amekaa na kikapu miguuni. Alikuwa ameagiza jikoni staftahi ya watu wanne, akasema anataka kuila porini, mahali ambapo mwongozaji atachagua. Baba alichagua kando ya dimbwi. Mama alitandika khanga yake juu ya boneti, tukala tumesimama, mikate na mayai na chai ya chupa, huku tembo wakija mmoja mmoja kunywa maji. Bi Elsa alimenya yai la kwanza, akampa baba. Baba alilipokea kwa mikono miwili.

Tuliporudi Kariakoo, baraza lilijaa. "Enhe!" Bi Mwanaidi akasema kabla hatujaweka mizigo. "Mlikula na mwongozaji wenu mezani kweli?"

Baba alikuwa ametupa mgongo, anashusha mfuko, na nikaona amesita. Mama alikuwa anavua hereni za watu.

"Tumekula naye," akasema. "Milo yote."

"Na uma ya tatu?"

"Ya kuwachoma wanaouliza sana."

Wakacheka mpaka wa chumba cha nyuma wakatoka kuuliza kuna nini.

Kwa miaka mingi niliuhesabu ule kuwa uongo wa mama, nikajiona mwema kwa kukaa kimya. Nilikuwa mtoto mkweli, wa aina ile ya ukweli unaotoka mdomoni kabla ya kupita popote. Nilikuwa nimeolewa tayari siku nilipoipanga ile milo kichwani: mchana, jioni, staftahi, na vitumbua tulivyonunua njiani Chalinze. Kote baba alikuwepo. Mama hakudanganya. Alikuwa ameiacha ile meza, ambayo najua aliitamani maana ndiyo aliyoishonea gauni, ili akifika barazani aweze kujibu vile. Baba naye, sasa naamini, hakuwa anajisifu miaka yote ile. Hakutaka mke wake, akiwa kwenye cherehani, amwone moyoni akiwa amekaa kwenye kreti.

Hakuna kati yao aliyewahi kunigombeza kwa nilichosema pale mezani. Nilisubiri sana wanigombeze.