Zamu Yangu Ilikuwa Karatasi

Mfuko wa karatasi zetu muhimu haukuanguka mtoni. Niliuacha kitandani, tena nikijua. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa na miaka kumi, kwa ufasaha uliozidi kukua kila nilipopanda darasa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha chuo kikuu.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya Kericho, na nyumba ilinuka majani mabichi yaliyokuwa yakinyaushwa kiwandani, hata siku ya kufua. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa ziwa, kwa hiyo fujo za kura zilipozuka tulifukuzwa kama wageni. Kila uchaguzi ulipokaribia, Mama alitufanyisha mazoezi ya kukimbia, kama familia nyingine zilivyofanya mazoezi ya kwaya. "Nani ana nini?" aliuliza akiwa mlangoni. Dada yangu Akinyi, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alijibu, "Mtoto na blanketi!" Mimi nilijibu, "Karatasi!" Nilikabidhiwa karatasi kwa sababu nilipenda kusoma, na sikumwacha mtu asahau hilo. "Profesa na karatasi zake," Akinyi alinicheka. "Njaa ikiuma tutatafuna vyeti?" Mama hakucheka. Tahadhari kabla ya hatari, alisema, akanifunga mfuko kiunoni kwa leso, chini ya sweta. Ndani mlikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, na cheti cha mtihani cha Akinyi, ambacho kingempeleka chuo cha ualimu.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, Baba akiwa zamu kiwandani. Mama Chebet, jirani yetu Mkipsigis, mwenyeji wa pale, aliinama dirishani. "Mama Akinyi, tokeni saa hii. Hata chai msimalize." Mama alinifunga mfuko, akageuka kumvisha mdogo wetu viatu. Kitandani palikuwa na kamusi niliyozawadiwa kwa kuwa wa kwanza darasani. Kamusi na mfuko havikuenea pamoja chini ya sweta. Nikafungua leso. Kanisani tulikojificha, Mama aliponipapasa kiuno, nilisema fundo lilifunguka tukivuka mto. Aliitazama kamusi kwa muda, kisha akawaambia wote, "Labda sikukaza." Sikumbuki kuhisi kitu. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi.

Nyumba ilichomwa na kila kilichokuwa ndani. Tuliambiwa cheti cha mtihani hakitolewi mara mbili. Tuliporudi kambini pamoja na Baba, Akinyi alishika kikapu cha kuchuma chai, nami nikaendelea na masomo.

Siku hizi vyeti vya wanangu viko kwenye simu, kwenye barua pepe na kwenye faili iliyoning'inia karibu na mlango. Wananiita Mama Majanga. Wao hawajawahi kukimbia, isipokuwa wanapoitwa kuosha vyombo.

Juma lililopita Akinyi alinipigia simu saa sita mchana. Shamba limeleta mashine za kuchuma. Watakaobaki ni wasimamizi wachache, na lazima wawe na cheti. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Atieno, ule mfuko ulianguka kweli?"

"Hapana. Niliuacha kitandani."

Nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Na mimi nilimlaumu Mama mpaka tukamzika."

Akakata simu.