Raya alimwimba kila mtu uwanjani isipokuwa mimi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Naona humu vijana wengi mnalalama: nimemaliza shule, kazi sina, wenzangu wananipita. Nikasema na mimi niweke yangu. Ni kisa changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Ningekitia, ningejipendelea walau kidogo.

Mimi ni mzee. Anayechapa hapa ni mjukuu wangu, mimi nasema tu. Herufi zikikosewa, msutane naye.

Ilikuwa Pemba, miaka ile ya Vita vya Pili, mchele ukipatikana kwa mgao na sisi tukishindia muhogo. Kwetu ni Kiuyu. Shule nilisomea Wete, nikikaa kwa shangazi yangu pale Jadida. Nilipomaliza nikarudi kijijini na viatu vya ngozi alivyoninunulia shangazi. Kijiji kizima hapana aliyekuwa na viatu kama vile. Nilivivaa hata kwenda kisimani.

Nilikuwa nimeahidiwa ukarani bandarini Mkoani, lakini jibu lilikuwa halijaja. Basi nikawa nashinda barazani, nasubiri. Hapo ndipo kijana anapoharibika, wakuu. Ukiwa huna la kufanya, macho yanahamia kwa mwenzio.

Yangu yalihamia kwa Makame.

Makame ni mtoto wa ami yangu, tumekua pamoja. Shule aliikimbia mapema kwa kuogopa bakora. Mimi nikajua huyu basi tena, kwisha. Narudi namkuta kifua kimejaa, kwenye mikarafuu hakuna anayemfikia kwa kuchuma, na kubwa kuliko yote, anacheza ng'ombe.

Kwa msioijua Pemba: tuna mchezo wetu wa ng'ombe. Dume linafungwa kamba ndefu, wanaume wanaishika, ngoma na zumari zinalia, kijana anaingia na kitambaa kulichezea. Haliuawi. Kando wamesimama wanawake na wasichana, wanawaimba wachezaji kwa majina. Ukiimbwa siku hiyo, wiki nzima unatembea kifua mbele.

Na aliyekuwa akianzisha hizo nyimbo ni Raya, binti wa Mzee Faki jirani yetu.

Raya nilimpenda tangu sijaenda Wete. Sikumwambia mtu. Niliporudi nikategemea walau atanitazama. Wapi! Nikitokea njia hii, anavuta kanga usoni anashika njia ile. Nikienda kwao kumsalimia baba yake, anakimbilia uani. Hata mama yangu akimwona kisimani, Raya huyoo, kaacha ndoo.

Lakini kwa Makame! Anacheka naye njiani, anamwita jina lake kwa sauti, "Makame weye, niangulie na mie dafu!" Hana wasiwasi wowote.

Wivu ule siwezi kuuelezea. Nilikuwa sili. Nikimsikia Makame akikohoa tu, nachukia. Nilijiuliza nimesoma kwa faida gani, ikiwa aliyekimbia bakora ndiye anayechekewa.

(Mjukuu wangu hapa ananicheka. Ngoja yamkute.)

Siku ya mchezo nikaenda na viatu vyangu, nimepiga na kanzu iliyonyooshwa. Nikasimama pale ambapo Raya lazima anione. Akaniona. Akageuka, akanipa mgongo.

Kisha akaanza kuimba. Alimwimba Makame. Alimwimba Hamadi, ambaye hata ng'ombe hakumsogelea. Alimwimba kibabu mmoja aliyeshika kamba. Kila mtu kaimbwa, wakuu. Mimi nimesimama pale na viatu vyangu.

Makame akaniona nilivyonuna, akanijia kwa wema kabisa.

"Yakhe, mbona huingii? Njoo nkupe kitambaa."

Nikakinyakua nikaingia.

Sasa, uwanja ule huingiwa pekupeku, kila mtoto wa Kiuyu anajua. Ardhi imekanyagwa na ng'ombe tangu asubuhi, imekuwa tope. Lakini ningevivuaje viatu mbele ya Raya? Ndivyo pekee nilivyomzidi navyo Makame.

Dume likaja, nikateleza, nikaanguka chali. Makame akarukia mbele, akalivuta upande wa pili kwa mikono mitupu. Watu wakacheka mpaka zumari likanyamaza. Nikatazama upande wa Raya. Kajifunika kanga uso mzima. Nikajua naye anacheka.

Nilirudi nyumbani nachechemea. Baba yangu alikuwa mlangoni, mama jikoni anachambua mchele. Mchele, wakati wa mgao! Mtu mwenye akili angeuliza unapikiwa nani. Mimi nikafoka:

"Mkitaka kuniozesha nitafutieni Mkoani. Hapa simtaki hata mmoja. Na huyo binti wa Faki ndiye wa mwanzo nisiyemtaka!"

Mama akaacha mchele. Baba alichukua kofia yake akatoka.

Jibu la kazi lilikuja siku chache baadaye, nikaenda Mkoani na hasira zangu. Nikawa karani. Msimu uliofuata nikasikia Makame kamuoa Raya. Nikasema si niliwaambia? Nilijua mimi!

Mama alipokuja kunitembelea ndipo aliponieleza.

"Raya ulikuwa ushaposewa weye tangu uko Wete. Babako akingoja upate kazi ndiyo akwambie. Mchele ule ulikuwa wa wakwe zako, wangekuja kula jioni ile."

"Mbona alikuwa akinikimbia?"

"Mwanangu, mwari kishaposwa, amtaje mchumba wake uwanjani? Yuwakuonea haya! Kama mie alivyokuwa akinikimbia kisimani. Weye mtoto wa wapi?"

Nilikuwa mtoto wa Kiuyu. Desturi ile niliijua vizuri, kama nilivyojua uwanja hauingiwi na viatu. Wivu tu ulinifanya nisione. Jioni ile nilipofoka, baba alikwenda kwa Mzee Faki kuivunja posa kabla aibu haijawa kubwa zaidi, na Makame akaposa baada ya hapo.

Sikukuu ya Idi nikaenda nyumbani kwa Makame na Raya kutoa mkono. Raya akatoka na birika la kahawa, uso wazi.

"Shaame! Karibu, Shaame. Habari za Mkoani, Shaame?"

Wakuu, jina langu. Kwa sauti, mbele za watu. Nilivyokuwa nimelingoja!

Nikamuuliza Makame yuko wapi.

Akavuta kanga, akageuza uso pembeni.

"Mwenyewe katoka," akasema.

Kahawa ile sikuimaliza.

Makame kashatangulia, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Na bado namwonea wivu. Sasa si kwa zile nyimbo. Ni kwa vile Raya hakuthubutu kumtaja.

Kijana uliyemaliza shule, uko barazani unasubiri na unahesabu nani kachekewa na nani: kabla hujafoka, ingia jikoni umuulize mama mchele ni wa nani.

Haya, uwanja wenu. Nani humu wivu umeshawahi kumkosesha kilichokuwa chake tayari? Semeni, mjukuu atanisomea. Ila wa kucheka viatu, tafadhali, nimechekwa vya kutosha.