Bhoke amekataa kutoka kwenye grupu la kijiji

Leo nimekosa la kumwambia mtoto wa miaka kumi na minne.

Bhoke ni mkimbiaji wangu hapa shuleni, huku Tarime. Jumamosi alianguka kwenye mbio, mtu akarusha video yake kwenye grupu la WhatsApp la kijiji.

Jamani, matusi! Na wengine ni watu wazima kabisa.

Leo hakuja mazoezini. Nimemfuata kwao, nikamkuta anayasoma matusi yale kwenye simu ya bibi yake.

"Bhoke, si utoke tu kwenye hilo grupu?"

"Siwezi, Mwalimu. Baba yumo."

Baba yake alifuata dhahabu Chunya. Huu mwaka wa pili hajarudi, wala hapigi simu.

"Nasubiri awaambie waache."

Nikakaa naye pale nje. Nikaandika mimi: "Huyu ni mtoto wetu. Futeni hiyo video."

Ikafutwa.

"Baba ameona?"

Nikaangalia waliosoma. Jina lake lilikuwepo.

"Ameona, mwanangu."

Tukasubiri mpaka ng'ombe wakarudi. Baba yake hakuandika kitu.

Bhoke ameniruhusu niandike haya. Nyie mngemwambia nini?

Na wewe Baba Bhoke, kama unasoma: video ile ilikatwa pale alipoanguka. Mwanao aliinuka, akamaliza mbio. Mpigie.